Wasikilizaji 212 wa DJ Tetemeko

Jumatatu, 15 Septemba

Ratiba mpya ya redio ya chuo imebandikwa leo nje ya kantini. Niliisoma mara tatu. Mara ya nne niliinua karatasi nione kama kuna nyingine chini yake. Hakuna.

Kipindi cha Ijumaa, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, kiti cha enzi cha Redio Ngazi, kimebaki kwa Mbinya. Muhula wa pili mfululizo! Mbinya ni msichana wa darasa la kilimo ambaye hawezi kukusalimia bila kutaja mbolea. Kipindi chake kinaitwa "Shamba na Soko". Ijumaa jioni, dunia nzima inacheza, na Voi inasikiliza bei ya ndengu.

Mimi, Phineas Mwandawiro, mwana wa kijiji cha Ronge, mwanafunzi wa ununuzi na ugavi, maarufu kama DJ Tetemeko (maarufu kuanzia leo), nimepewa "Matangazo ya Jamii". Jumanne na Alhamisi, saa saba mchana, nusu saa tu. Vifo, vitu vilivyopotea, ratiba ya maji, notisi za ndovu. Nyimbo tatu katikati ili watu wapumue.

Nilimwendea Madam Penina, mwalimu anayesimamia redio. Nikamuuliza kwa heshima kama ratiba ilikosewa wakati wa kuchapwa. Akasema haikukosewa. Akasema siku ya majaribio sauti yangu ilisikika kama ya mtu aliyebanwa na mlango. Na huyu ndiye anayetufundisha mawasiliano!

Kisha akanipa kanuni moja, akairudia mara mbili kana kwamba mimi ni mtoto wa nasari. Askari wa wanyamapori akipiga simu kuhusu ndovu, notisi isomwe papo hapo. Hata kama wimbo uko katikati. Kiangazi ni kikali, ndovu wanatoka mbugani kufuata maji, na maji yako kwetu. Nikasema nimeelewa, Madam. Ndovu kwanza, msanii baadaye. Ndiyo kaunti yetu hiyo.

Jumanne, 16 Septemba

Kipindi cha kwanza. Historia.

Studio iko juu ya stoo ya majembe. Unapanda ngazi ya mbao, unaruka toroli mbili, umefika. Ukutani kuna trei za mayai za kuzuia mwangwi. Fundi wa mitambo ni Morris, ambaye pia ni fundi wa pampu ya maji, na huitazama mitambo yote kwa huzuni ileile. Alitaka kunionyesha vibonye. Nikamwambia asijisumbue. DJ huzaliwa, hafundishwi.

Nilianza kwa lafudhi yangu ya ng'ambo, niliyoifanyia mazoezi bafuni wiki tatu. Kwa maoni yangu ilitoka safi. Hillary, tunayeishi naye chumba kimoja hosteli, anasema alidhani mtangazaji ana jino bovu.

Halafu tangazo la kifo. Nyanya wa miaka tisini na mmoja, mazishi Jumamosi. Lisomwe hivi hivi, kavu? Hapana. Nikaliwekea mdundo chini. Mdundo wa heshima. Bahati mbaya kidole kikateleza na mdundo ukapanda juu kabisa pale kwenye "ameacha watoto tisa".

Kabla ya saa nane familia ilikuwa langoni. Watu kumi na mmoja, mmoja wao na bakora. Madam akaniamuru niombe radhi hewani sasa hivi. Nikaomba. Sijui ni nani alikuwa amekiacha wazi kibonye cha mwangwi. Voi nzima ikasikia "samahani-hani-hani-hani". Wale watu walikuwa wameshaanza kuondoka. Mwenye bakora akarudi.

Wasanii wote wakubwa walianza kwa kutoeleweka.

Jumatano, 17 Septemba

Mkutano wa watangazaji. Tuko sita, watano hawana kipaji.

Lakini kumbe Mungu hamsahau mja wake! Mbinya na darasa lake wanakwenda Mboghoni, upande wa Taveta, Alhamisi ya wiki ijayo, kutazama mifereji ya kumwagilia mashamba. Siku tano nzima za kutazama maji yakipita. Kwa hiyo Ijumaa tarehe 26 kiti kitakuwa wazi, na Madam anasema atakikalia mtangazaji mwenye wasikilizaji wengi katika daftari kufikia Jumatatu.

Daftari lenyewe ni kubwa, jekundu, linakaa juu ya meza ya studio. Kila barua ya kisanduku cha langoni na kila ujumbe wa simu huandikwa humo: jina, mahali, maoni. Nilipekua. Mbinya, wiki iliyopita pekee, thelathini na mmoja. Mmoja anauliza viwavi vya mahindi vinauawaje. Mwingine anashukuru kwa sababu mbuzi wake sasa anakula. Hao ndio mashabiki wake: watu wenye mbuzi.

Wangu ni mmoja. Hillary. Ameandika, "Naomba unirudishie slipa zangu."

Alhamisi, 18 Septemba

Kipindi cha pili kimepita bila bakora. Nimetangaza funguo mbili zilizopotea, mtungi mmoja wa gesi ulioonekana, na maji ya Jumapili yasiyokuja. Nilikaa nusu saa nzima nikitazama simu ya studio. Ililia mara moja. Mtu alikuwa anatafuta kliniki.

Ndipo wazo likanijia, pale pale kwenye kiti. Wasikilizaji wangu wapo. Wapo wengi! Tatizo ni kwamba hawana tabia ya kuandika. Basi mimi nitawaandikia. Nani atasema huo ni uongo? Huo ni ukarani.

Nimeanza na watatu leo. Rita wa Bomeni anasema tangu aisikie sauti yangu ameacha kunywa dawa za presha. Stephen wa Mboghoni anataka kipindi changu kiwe saa sita. Mama Abby, pia wa Bomeni, haandiki mengi, analia tu kwa furaha. Nimewaweka mbali makusudi, upande wa Taveta, ili mtu asikutane nao dukani.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimesikiliza kipindi cha Mbinya chote, saa mbili, ili nipate makosa. Nilikuwa na kalamu mkononi.

Mzee mmoja alipiga simu. Mbuzi wake amefura tumbo. Mbinya akamuuliza alikula nini, amelala au amesimama, anacheua au hacheui. Dakika kumi na moja za tumbo la mbuzi! Hewani! Hakuna mdundo, hakuna mwangwi, hakuna chochote. Na lafudhi yake ni ileile anayoombea chumvi.

Nilikuwa kantini, kwenye foleni, sahani mkononi. Mpishi akaacha mwiko ndani ya sufuria na kusimama akisikiliza. Foleni yote ikanyamaza. Nikamkumbusha mpishi kwamba wali unapoa. Akaniambia ningoje, mbuzi hajapona.

Mbuzi alipona saa kumi na moja kasorobo. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, lakini ni kwa sababu hatimaye tulipakuliwa.

Makosa niliyoyapata: hana jina la kisanii.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeandika tangu asubuhi. Barua sitini na moja, na zile tatu za Alhamisi ni sitini na nne. Kalamu nne tofauti, karatasi za mistari na zisizo na mistari, nyingine kwa mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kimevimba.

Hillary alikataa kusaidia. Alisema huko ni kughushi. Nikamwambia yeye ni mtu wa uhasibu, ataelewaje sanaa? Lakini baadaye alizisoma, akacheka hadi akalala chini, na kunitajia kwamba watu wote sitini na moja wa leo wananiita "kipaji adimu". Kweli. Imenibidi nibadilishe kumi wawe "kipaji kisicho cha kawaida".

Sitini na nne hazitoshi kumvunja moyo Mbinya. Nikapata njia nyingine: kikundi cha akina mama. Kikundi cha Akina Mama Wapenda Muziki Bora, Mboghoni. Barua moja tu, lakini imetiwa majina yote ya wanachama. Wako mia moja arobaini na wanane. Jumla, ukimtoa Hillary na slipa zake, mia mbili na kumi na wawili.

Nimewapenda hawa akina mama. Wana umoja.

Jumatatu, 22 Septemba

Ushindi!

Madam Penina alisoma hesabu mbele ya wote. Yule wa kipindi cha mchezo wa dama, wanne. Yule wa mashairi ya mapenzi, tisa, wote dada zake. DJ Tetemeko, mia mbili na kumi na wawili. Niliinama kidogo kama wanavyofanya wakubwa.

Morris fundi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akauliza Bomeni wanatupataje. Mawimbi yetu yanakwama kwenye shamba la mkonge upande huu na kwenye matuta ya barabara kuu upande ule. Bomeni ni zaidi ya kilomita mia moja, na milima yote iko katikati. Hata mama yangu mimi, aliye Ronge, hatupati, na Ronge ni karibu. Nikamjibu kwamba ni upepo. Akasema redio haisafiri kwa upepo. Nikamwambia kwamba labda ndiyo sababu pampu yake haifanyi kazi. Jibu halikuhusiana, lakini lilimnyamazisha.

Kisha Mbinya akaja kunipongeza. Kwa moyo mweupe, sura haina kinyongo hata chembe, jambo ambalo huwa silipendi kwa mtu niliyemshinda. Akasema, "Kaka Phineas, vizuri sana, na sisi tunaenda huko huko Mboghoni. Nitawasalimia wale akina mama wako."

Nikasema hawapo tena.

"Mia moja arobaini na wanane wote?"

Nikasema waligombania uongozi, kikundi kimevunjika.

"Tangu Jumamosi?"

Nikasema akina mama wakikosana hawachukui muda. Akanitazama. Madam akanitazama. Hata yule wa dama akanitazama. Lakini daftari ni daftari. Madam akasema hana mtu mwingine wa kumpa, Ijumaa ni yangu. "Lakini notisi ya ndovu, Phineas," akasema. "Nakuomba."

Ndovu, ndovu, ndovu. Hawa watu hawana ndoto kubwa kuliko mkonga.

Jumatano, 24 Septemba

Maandalizi. Nimeazima koti la Hillary la sherehe. Linanibana kwapani, lakini redioni kwapa halionekani.

Mpango: saa kumi na moja kamili nitatangaza shindano la kucheza, moja kwa moja, uwanjani, kando ya tangi la maji. Chuo kizima kitoke. Spika kubwa ya ukumbini itawekwa pale pale kwenye tangi, na mimi nitawatazama kutoka dirisha la studio kama mfalme na watu wake. Nani atamkumbuka Mbinya baada ya hapo? Wataniomba nibaki na Ijumaa yangu. Nitakataa mara moja, halafu nitakubali.

Jana, kwenye Matangazo ya Jamii, nilijitangaza mimi mwenyewe kama kitu kilichoonekana.

Ijumaa, 26 Septemba

Naandika kabla Hillary hajaliona koti.

Saa kumi kamili nilianza. Miksi yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika arobaini, bila kupumua. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Saa kumi na dakika thelathini simu ikalia. Nikajua ni mashabiki.

Alikuwa Cyrus, askari wa wanyamapori. "Kijana, ndovu watano wameingia kwenye mkonge. Wanakuja kwenye tangi lenu. Watu wakae ndani. Soma sasa hivi."

Nikasema, "Ndiyo, afande."

Na nilikuwa na nia ya kusoma! Mungu ni shahidi. Lakini miksi ilikuwa inakaribia kilele. Huwezi kukata kilele. Nikasema nitasoma wimbo ukiisha. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi ndiye niliyeuunganisha na wimbo mwingine ili mwisho usisikike. Ulipoisha ule, saa ilikuwa imekaribia kumi na moja, wakati wa shindano. Nikajiambia ndovu ni watu wazima, wanatembea polepole. Nikafungua maiki.

"Voiii! Kila mtu atoke nje! Tangini! Sasa! Acha kazi, acha vitabu, acha mtoto! Twende tukatetemeke!"

Nikaenda dirishani.

Uwanja mtupu.

Nikarudia wito. Mtupu. Nikaongeza sauti ya spika mpaka mabati ya stoo yakalia. Hakuna hata mtu mmoja. Milango yote imefungwa, hosteli, kantini, ofisi. Hakuna aliyechungulia. Nilihisi kitu kibaya kifuani. Si hofu, ni kudharauliwa. Watu mia sita katika chuo hiki, na hakuna mwenye miguu?

Halafu vumbi likainuka upande wa mkonge, nikaona wageni wangu.

Watano. Mmoja mkubwa mbele, mmoja mdogo katikati. Wakaenda moja kwa moja tangini. Walikunywa. Mkubwa akang'oa bomba kama mtu anavyong'oa mchicha. Wengine wawili wakaingia kwenye matikiti ya darasa la kilimo, matikiti ya mtihani, na kuyala moja moja, kwa utaratibu. Spika ilikuwa bado inapiga. Mkubwa akaisikiliza kidogo, kichwa kimeinama. Nilidhani ameipenda. Akaikanyaga.

Nikaingia chini ya meza na maiki. Nikasoma notisi. Lafudhi ya ng'ambo sijui ilienda wapi, nilisikia sauti ya Ronge ikitoka kinywani mwangu, inalia "Njovu! Njovu! Mai!" kwa Kitaita, kama mtoto aliyeachwa shambani akimwita mama yake.

Saa kumi na mbili Cyrus na wenzake wakawafukuza kwa honi za gari. Morris ndiye aliyenitoa chini ya meza. Koti la Hillary limechanika kwapani. Yote mawili.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimejifungia chumbani. Habari naletewa na Hillary, ambaye hasemi nami vizuri kwa sababu ya koti.

Watu hawakutoka kwa sababu mbili. Ya kwanza: Cyrus alipoona notisi haisomwi, alimpigia Mbinya huko Mboghoni. Mbinya akatuma ujumbe kwa watu wake wote, na kwa Morris, na kwa mpishi, na milango ikafungwa. Kutoka Mboghoni! Hata akiwa hayupo hawezi kuacha kujitia mbele.

Ya pili Hillary hakutaka kuisema. Nikamshika shati. Akasema mpishi alizima redio ya kantini saa kumi na dakika tano. Hosteli ya wasichana hawakuiwasha kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa amelala.

Barua imekuja. Kamati ya nidhamu, Jumanne, saa tatu asubuhi. Kosa: kuita umma mbele ya wanyama hatari.

Jumatatu, 29 Septemba

Hillary anasema utetezi ni mmoja tu, na ni rahisi: niseme hakuna aliyenisikiliza. Hakuna aliyesikia wito, hakuna aliyewekwa hatarini, kesi imeisha.

Nikamwambia atoke chumbani. Akasema ni chumba chake pia. Basi nikatoka mimi.

Nimetembea mpaka kwenye matikiti. Yamebaki maganda na mavi makubwa kama vikapu. Wanafunzi wa kilimo waliyapanda tangu Juni. Walikuwa wakiyamwagilia kwa ndoo asubuhi, kabla ya darasa, nilikuwa nawaona na kuwacheka. Nilisimama hapo kidogo. Sikupenda ninavyohisi, nikarudi.

Hapana. Kusema hakuna aliyenisikiliza? Afadhali nifukuzwe nikiwa na jina.

Jumanne, 30 Septemba

Sikufukuzwa. Jina sina.

Mkuu wa chuo, Bwana Silvanus, alikaa katikati, Madam Penina kulia, Cyrus kushoto na kofia magotini. Mezani, daftari jekundu.

Mkuu akalifungua polepole. Akasema kumwita mtu mmoja mbele ya ndovu ni kosa la kusimamishwa muhula. Je, mia mbili na kumi na wawili? Akasema atalazimika kuwaita polisi. Akasema itabidi niandikiwe kosa kwa kila kichwa.

Nikahesabu vichwa. Nikaona maisha yangu yote.

"Bwana Mkuu," nikasema, "hakuna aliyekuwa akisikiliza."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Hapa kuna Rita wa Bomeni."

"Ni mimi."

"Stephen wa Mboghoni?"

"Mimi."

"Huyu Mama Abby, anayelia kwa furaha?"

"Mimi pia, Bwana Mkuu."

Akavua miwani. "Na akina mama mia moja arobaini na wanane?"

Nikatazama sakafu. Nikasema kikundi kilikuwa changu peke yangu, mwenyekiti na wanachama. Madam Penina alitazama dirishani, mabega yake yakitikisika. Nilidhani analia kwa ajili yangu. Hakuwa analia.

Ndipo Cyrus akakohoa. Akasema kwa heshima angependa kurekebisha. Yeye alikuwa akisikiliza. Alikuwa na redio ndogo ndani ya gari, kule kwenye mkonge, tangu saa kumi na dakika thelathini mpaka karibu saa kumi na moja. Alikuwa anangoja notisi.

Moyo wangu ukaruka! Msikilizaji! Wa kweli, mwenye redio yake, tena karibu nusu saa bila kuzima! Sikujizuia, nikamuuliza aliionaje miksi, hasa pale inapobadilika.

Cyrus akaizungusha kofia yake magotini. Akasema katika ule mkonge kulikuwa na mama wawili wanakata kuni, na yeye hakuwa na namna ya kuwafikia haraka ila kwa redio waliyokuwa nayo, na walikuwa wameifungulia Redio Ngazi kwa sababu wamezoea Ijumaa ni ya Mbinya. "Walipokusikia wewe wakaizima," akasema. Aliwakimbilia kwa miguu. Aliwafikia ndovu wakiwa umbali wa kutoka hapa mpaka langoni.

Sikuuliza tena kuhusu miksi.

Hukumu: sigusi maiki mwaka huu. Nitapanda upya matikiti yote na darasa la kilimo. Na kila jioni, saa kumi hadi saa kumi na mbili, nitakaa na Cyrus kwenye jukwaa la ulinzi kando ya ua, nitazame mkonge, na ndovu wakitokea nipige simu studio. Atakayesoma ni Mbinya, anayerudi leo.

Nimeandika "mama wawili". Nimeyaangalia maneno hayo muda mrefu. Nimelifunga daftari langu hili, nimelifungua tena. Basi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Asubuhi matikiti. Mbinya alinionyesha jinsi ya kuweka mbegu, ncha chini. Hakunisema hata neno moja kuhusu Ijumaa. Ningependa angenisema. Mtu asiyekusema huna pa kumshikia.

Jioni, jukwaa. Ni mbao nne na ngazi. Cyrus anakaa kimya kama gogo. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema hachoki, ndovu hawafanani. Kazi gani hii!

Saa kumi na dakika hamsini, ndovu watatu. Nikapiga simu. Nilikuwa nimeandaa maneno: "Kutoka vumbi jekundu la Tsavo, majitu matatu ya kijivu yanasonga..." Mbinya akanikata. Wangapi, wametoka wapi, wanaenda wapi. Nikajibu. Akasoma hewani sekunde sita.

Halafu nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona. Mlango wa kantini ukafungwa. Wa hosteli ya wasichana. Wa maktaba. Mmoja baada ya mwingine, chuo kizima, tap, tap, tap, mpaka ofisi ya Mkuu mwenyewe. Mvulana aliyekuwa anaanua nguo akakimbia na shati moja. Watu mia sita walikuwa wamesikia, wakatii, kwa sekunde sita.

Cyrus akasema, "Unaona sasa kwa nini isomwe mara moja?"

Nikasema naona, afande. Na kweli nilikuwa nimeona.

Ijumaa, 3 Oktoba

Jioni bora tangu nianze kazi ya utangazaji.

Cyrus aliitwa upande wa barabara kuu, akaniacha peke yangu jukwaani na simu. Saa kumi na moja na robo nikapiga. Mbinya akauliza wangapi, wametoka wapi, wanaenda wapi. Nikajibu kwa ufupi, kikazi, kama alivyonifundisha. Akasoma.

Jamani! Milango! Kantini, hosteli zote mbili, maktaba, karakana. Mpishi aliacha sufuria nje. Mechi ya mpira ilikatika katikati, refa ndiye aliyetangulia kukimbia. Bwana Silvanus alifunga dirisha, akachungulia, akafunga na pazia. Hata gari la maziwa lilirudi nyuma kutoka langoni. Hakuna aliyezima redio. Nani angethubutu? Nilisimama juu ya jukwaa, uwanja wote mtupu chini yangu, kimya, nikasikia sauti ya Mbinya ikitoka katika kila dirisha ikirudia maneno yangu, namba yangu, upande niliousema mimi. Mama yangu angekuwepo angelia.

Nilikaa hapo mpaka saa kumi na mbili, nikila karanga. Upepo mzuri. Mkonge umetulia kabisa, hata ndege hawakuruka.

Ndovu leo hawakuja. Niliripoti saba.